Tuliotoka kanisani tunataka kumkabili mchungaji ila tumegawanyika kuhusu njia. Naombeni ushauri

Mtoka Mbali (mleta mada)

Salaam wakuu. Naomba mnisome mpaka mwisho. Na hata mkilibaini kanisa lenyewe, msilitaje jina, uzi usije ukafutwa bure.

Kuna huduma moja hapa mkoani kwetu. Ina usajili, ina jengo lake, ina matawi. Nililelewa humo tangu mama alipookoka nikiwa shule ya msingi, nikatoka nikiwa mtu mzima mwenye familia. Ukitoka unaitwa muasi. Waliobaki hawaruhusiwi kukusalimia, kula kwako, wala kuja msibani kwako. Huoi wala huolewi mpaka mchungaji apitishe. Mshahara unautaja mbele ya wazee wa kanisa. Na kila mwisho wa mwezi unaandika dhambi zako kwenye daftari la toba, unatia saini, linafungiwa ofisini. Siku ukianza kulegalega unaitwa, daftari linafunguliwa, unasomewa uliyoandika miaka ya nyuma. Wengi wakishasomewa huwa hawaondoki tena. Wapo waliotoa viwanja. Kuna mzee mmoja amehamishia nyumba kwenye jina la huduma, mkewe anasikia tu kwa majirani.

Tuliotoka tuna kundi la WhatsApp. Lilianza la kufarijiana, sasa hivi ni baraza la vita. Kuna kijana wa kompyuta, zamani alikuwa anasimamia ukurasa wa kanisa Facebook. Anasema nenosiri halijabadilishwa, anataka aingie usiku wa mkesha abandike kila kitu. Kuna wanaotaka twende ibadani Jumapili tusimame wakati wa shuhuda. Mwingine kapendekeza tukuze kidogo maelezo, tuseme kuna watu wamefungiwa ndani, ili polisi wasisinzie. Na kuna dada aliyekuwa katibu wa ofisi, yeye ana picha za kurasa za daftari la toba. Nyingi. Anataka kuzirusha mtandaoni. Wazee wawili tulionao wanasema tumwachie Mungu, nao wakisema hivyo vijana wanatoka kwenye kundi kwa hasira.

Mimi nimeangukiwa na kazi ya kuandika mpango. Mama yangu na mdogo wangu wa kike bado wamo. Swali langu ni moja: mtu aliyeumizwa na watu kama hawa anaruhusiwa kufika wapi?

Bwashee wa Mbagala

Ngoja waje wenye utaalamu. Mimi nimekaa pale.

Chumvi ya Dunia

"Msiwaguse masihi wangu, wala msiwadhuru nabii zangu." Zaburi 105:15. Mmetoka, si mkae kimya? Mbona aliyeachwa na mume haendi kuimba chini ya dirisha la mtalaka wake?

Nyamwezi Mtulivu

Masihi gani huyo anayehitaji saini ya mtu kwenye daftari la madhambi? Tena Chumvi, anayeachana na mume huwa anaruhusiwa kumsalimia mama yake mzazi. Hawa wamekatazwa.

Fundi Seva

Mkuu, huyo kijana wa kompyuta mfungeni kamba kabla ya yote. Haya mambo yalishafanyika na matokeo yake yanajulikana.

Januari 2008 Kanisa la Scientology, dini iliyoanzia Marekani, lilitaka video ya muumini wake, mwigizaji Tom Cruise, iondolewe YouTube. Vijana wa mtandaoni wanaojiita Anonymous wakakasirika, wakaangusha tovuti za kanisa, wakatuma faksi za karatasi nyeusi tupu kumaliza wino, wakapiga simu za usumbufu. Walikuwa wanajiona mashujaa. Aliyewageuza ni Mark Bunker, mkosoaji wa miaka mingi wa kanisa hilohilo. Aliwatolea video akawasihi waachane na uhalifu, maana walikuwa wanalipatia kanisa nafasi ya kulia kwamba linaonewa kwa ajili ya dini yake. Wakamsikiliza. Tarehe 10 Februari mwaka huohuo maelfu walijitokeza kwenye miji mingi duniani, wamevaa vinyago, wana mabango, wamesimama nje kwa amani. Waliokuwa waumini wakapata ujasiri wa kusema kwa majina yao.

Waliobaki na kesi ni wale wa tovuti. Kijana mmoja wa New Jersey alipigwa siku 366 jela. Kanisa lipo mpaka leo, na yeye ana rekodi ya jinai.

Kajala wa Kibaha

Fundi Seva kwa hiyo unataka tuvae vinyago tusimame nje ya kanisa? Kibali cha polisi utatoa wewe? 😂

Fundi Seva

Sijasema mfanye maandamano. Nimesema msidukue.

Kanzu Nyeusi

Nimesoma mara mbili. Mimi ni mtu wa sheria ila hapa ni kijiweni, jambo lenu lipelekeni kwa wakili wenu.

Kuingia kwenye akaunti isiyo yako tena ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, hata ukibandika ukweli mtupu, na hata kama nenosiri ulipewa zamani kihalali. Yule wa "tukuze kidogo" mwambieni asome kifungu cha 16 cha sheria hiyohiyo: kuchapisha taarifa za uongo mtandaoni ni faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Na akienda kudanganya polisi, hilo nalo ni kosa kivyake. Zaidi ya hapo, siku uongo mmoja ukibainika, yote mliyosema kweli yanazikwa nao. Kanisa litasoma huo mmoja kila Jumapili.

Mnazo njia nzuri ambazo hamjazigusa. Huyo mke wa mzee wa nyumba: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamkataza mwenzi kuuza au kutoa zawadi nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mama huyo akipata wakili, hata wa msaada wa kisheria, ana kesi yenye miguu. Viwanja ambavyo watu walitoa wenyewe kwa akili timamu ni habari nyingine, msijidanganye. Halafu huduma hiyo ina usajili, maana yake ina Msajili wa Jumuiya pale Wizara ya Mambo ya Ndani, anayeweza kuitaka ilete hesabu zake. Barua moja yenye saini za watu kumi wanaojitambulisha ina uzito kuliko posti mia za akaunti feki.

Daftari nitalirudia jioni, nina mteja.

Aliyekuwa Katibu

Nimetumiwa link ya huu uzi. Mimi ndiye mwenye hizo picha.

Mnanizungumza kama mwizi. Nilipiga picha kwa sababu niliona binti wa miaka ishirini anasomewa ukurasa wake mbele ya wanaume wanne, mchumba wake akiwa mmoja wao. Nilijua nikisema kwa mdomo hakuna atakayeniamini, kwa sababu hata mimi kabla sijakaa ile ofisi nisingeamini. Mnataka niandike barua kwa Msajili. Nitaandika nini? "Wanatunza daftari"? Watalichoma siku hiyohiyo. Hizo picha ndizo ushahidi pekee uliopo duniani. Na ukurasa wangu mwenyewe umo, nipo tayari uwe wa kwanza.

Mama Kulthum

Dada yangu pole sana. Mimi ni Muislamu, mambo ya kanisani siyajui, lakini siri ya mwanamke naijua.

Ukurasa wako uchapishe, ni wako, na anayetaka kukucheka acha acheke. Wa yule binti utamwambiaje? Mara ya kwanza alisomewa mbele ya wanaume wanne. Ukiurusha wewe atasomewa na mtaa mzima, na atakayekuwa amebonyeza ni wewe. Mchungaji atakaa pembeni amekunja mikono.

Kajala wa Kibaha

Si wafiche majina? Unafuta jina kwa rangi nyeusi, unaacha maneno. Magazeti yanafanya kila siku.

Nyamwezi Mtulivu

Kajala, kanisa la watu mia tatu, mwandiko unajulikana. "Nilitoka na shemeji yangu wakati mume yuko Mererani." Wangapi humo wana mume aliyekuwa Mererani?

Kanzu Nyeusi

Nimerudi. Katibu, hujaitwa mwizi na mimi. Ila sikiliza kilichomo humo mkononi mwako. Lazima kuna mtu ameandika kwamba ana virusi. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya hali yake, na anayeitoa anaweza kushtakiwa. Kuna dada ameandika alitoa mimba. Kwa sheria zetu hilo ni kosa la jinai, kwa hiyo utakuwa umechapisha maungamo yenye saini ya mtu ambaye hakujua anajipeleka polisi.

Hapohapo nakwambia usizifute. Kama daftari linatumika kutishia watu wasitoke au watoe pesa, hizo picha zinaweza kuhitajika. Zitoe kwenye simu yako, uziweke kwa wakili, ofisini kwake, zimefungwa. Tangu 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na Tume yake. Taasisi inayokusanya habari za afya na ndoa za watu halafu inazitumia kuwabana, inaweza kulalamikiwa pale. Analalamika mwenye taarifa. Yaani wewe kwa ukurasa wako, na yeyote mwingine atakayeamua mwenyewe.

Aliyekuwa Katibu

"Atakayeamua mwenyewe." Nusu yao bado wapo ndani na hawaruhusiwi kupokea simu yangu.

Mama Kulthum

Basi anza na nusu iliyotoka. Mmoja mmoja, kwa mdomo, si kwenye kundi. Kila mtu mrudishie wake aseme anautakaje.

Mtumishi wa Kawaida

Mimi ni mchungaji, dhehebu nisiseme. Mathayo 18:15-17 inasema ndugu yako akikukosea mwendee mkiwa wawili tu, asiposikia chukua mtu mmoja au wawili, asiposikia liambie kanisa. Mleta mada, je, mmewahi kwenda kukaa naye? Ninyi wote mnaongelea polisi na mitandao. Wachungaji wengine wanapotoka kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia hapana.

Nyamwezi Mtulivu

Mtumishi kwa heshima, andiko hilo linahusu ndugu waliolingana. Huyu ana daftari la kila anayekwenda kumuona. Unamtuma kondoo akazungumze na mwenye kisu wakiwa wawili tu?

Mtumishi wa Kawaida

Ndiyo maana kuna "mmoja au wawili". Waende na wachungaji wa nje, umoja wa makanisa wa wilaya. Ninakubali asiende aliyeumizwa peke yake. Hilo nalikubali kabisa.

Mpwani wa Kilifi

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Nawasoma kutoka huku Kenya na kuna swali hakuna aliyeuliza. Kuna watoto humo? Wanapelekwa hospitali?

Nauliza kwa sababu ya Shakahola, msitu wa huku Kilifi ambako waumini wa mhubiri Paul Mackenzie walifunga mpaka kufa. Mackenzie hakuanza jana. Kanisa lake la Malindi lilifungwa 2019, alishakamatwa zaidi ya mara moja, akaachiliwa, akahamia msituni. Machi 2023 alikamatwa kwa vifo vya watoto wawili akatoka kwa dhamana ya shilingi elfu kumi. Mwezi uliofuata makaburi yakaanza kufukuliwa, na miili ikapita mia nne. Jamaa za wale watu walikuwa wameshasema. Kamati ya Seneti ilipochunguza ilisema vyombo vya usalama vilizembea. Kwa hiyo mkienda kituoni msirudi mikono mitupu, chukueni namba ya kumbukumbu, na ofisi ya chini ikilala pandeni ya juu.

Pia msiwabane kwa kishindo bila kuangalia waliomo. Kanungu, Uganda, watu waliouza mali zao walianza kudai baada ya mwisho wa dunia uliotabiriwa 1999 kupita bila kitu. Tarehe 17 Machi 2000 kanisa likateketea na mamia ndani. Sisemi wa kwenu ni hao. Nasema kiongozi anayeona dola yake inaporomoka humwangukia aliye karibu, na aliye karibu si nyinyi mliotoka.

Mtoka Mbali (mleta mada)

Mpwani umenigusa pabaya. Hospitali hawajakatazwa rasmi. Inasemwa "imani yako imefika wapi?" halafu unaachiwa uamue, na ukienda unaombewa hadharani kama mdhaifu.

Mtoto wa mdogo wangu ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Yuko darasa la pili. Zamani alikuwa anahudhuria kliniki vizuri. Jirani yao aliniambia tangu mwaka huu uanze hajamuona akipelekwa, na dawa zilikabidhiwa madhabahuni.

Sista Zamu ya Usiku

Mleta mada, hii ungeiandika mstari wa kwanza. Mimi ni muuguzi wa watoto. Mtoto wa selimundu aliyeacha dawa na kliniki anaweza kuonekana mzima kwa wiki kadhaa, halafu homa moja au maumivu ya kifua yakambeba ndani ya siku mbili. Haya mengine ya daftari na Facebook yanaweza kusubiri mwezi. Hili halisubiri.

Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Namba 116 ni ya bure. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mtu yeyote anayejua mtoto ananyimwa haki yake, matibabu yakiwemo, atoe taarifa. Usiseme "kanisa". Sema jina la mtoto, ugonjwa, kliniki aliyokuwa anahudhuria, lini aliacha. Watakuelewa haraka zaidi.

Mtoka Mbali (mleta mada)

Nikiripoti, mdogo wangu hatanisamehe. Na mama ndiyo basi tena. Wameshaambiwa miaka yote kwamba waasi watakuja kuwachukulia watoto.

Kajala wa Kibaha

Akifa je?

Mama Kulthum

Kajala taratibu, mwenzio anaumwa.

Kaka, baba wa mtoto yuko wapi?

Mtoka Mbali (mleta mada)

Dereva wa malori, anakwenda Lubumbashi. Hakuwahi kuokoka, wakatenganishwa kwa sababu hiyo. Hela ya matumizi anatuma. Sina hakika kama anajua habari ya dawa.

Mama Kulthum

Subhanallah. Mtoto ana baba hai anayetuma matumizi, na nyinyi mmekaa mnapanga mikesha! Mpigie sasa hivi. Baba akija kumpeleka mwanawe kliniki hakuna muasi aliyevamia, hakuna vita ya kiroho. Na mama yako ana dada mkubwa? Mtume huyo kwa mama yako. Asiende kuhubiri, aende kumuulizia mjukuu hali.

Sista Zamu ya Usiku

Naunga mkono kumpigia baba. Ila akiwa mbali usimsubiri. Ustawi wa jamii kesho asubuhi, yeye atawakuta wameshaanza.

Chumvi ya Dunia

Mimi nilianza kwa kuwapinga. Kwa mtoto siwapingi. Hata Timotheo aliambiwa atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Dawa si kukosa imani.

Bwashee wa Mbagala

Chumvi umekuja upande huu? Leo mvua itanyesha.

Mtoka Mbali (mleta mada)

Mrejesho wakuu. Baba mtoto nimempata, yuko Nakonde, mpakani upande wa Zambia, kwenye foleni ya malori. Hakuwa anajua. Alinyamaza kidogo halafu akaniuliza kama nina namba ya daktari wa kliniki, si ya mchungaji. Anamkabidhi turnboi wake gari kama tajiri akikubali, asipokubali atafika wiki ijayo. Mama mkubwa amekubali kwenda leo jioni, na ameniambia nisimfuate. Ustawi wa jamii nimefika, afisa aliyekuwepo ameandika maelezo na kesho kutwa anakwenda na mtu wa afya. Namba ya kumbukumbu ninayo, Mpwani.

Kwenye kundi nimewaambia suala la Jumapili la kusimama kwenye shuhuda limekufa mpaka mtoto awe kliniki. Wawili wametoka. Mke wa mzee wa nyumba ameomba namba ya wakili, kimyakimya, inbox.

Aliyekuwa Katibu

Picha nimezipeleka kwa wakili, simu yangu sasa haina kitu. Nimeshaongea na watu wanne. Wa kwanza kasema ukurasa wake nichome, hataki hata kuuona. Wa pili alikata simu. Wa tatu anataka aje ausome kwanza, akisindikizwa na mumewe, ambaye ameshamwambia yote. Yule binti niliyewasimulia ni wa nne. Amesema atalalamika Tume kwa jina lake, na anataka niwe shahidi wa kwamba nilikuwepo nikanyamaza. Nimekubali.

Fundi Seva

Sawasawa. Sasa huyo kijana wenu wa Facebook bado ana nenosiri?

Mtoka Mbali (mleta mada)

Analo. Anasema ataondoa mkono wake akiona matokeo.

Kanzu Nyeusi

Mwambie aandike ujumbe kwa uongozi wa kanisa leo, kwa namba yake mwenyewe: "Bado nina uwezo wa kuingia kwenye ukurasa wenu, niondoeni." Apige skrinishoti aitunze. Siku ukurasa huo ukivurugwa na mtu mwingine, wa kwanza kutafutwa atakuwa yeye.